Silinda ya Ngapi Imekufa?

Injini ya dizeli yenye silinda sita, ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, kwenye mizunguko 600 kwa dakika, huwaka mara 30 kila sekunde. Kila silinda inachangia mara tano. Moja ikigoma, panabaki pengo mara tano kwa sekunde, na pengo hilo ndilo linalotetemesha kebini, kugonganisha vioo vya pembeni na kumfanya hata tingo aliyelala juu ya mchanga ainuke na kusema lori linamisi.

Hajakosea, ila hajasema kitu bado. Injini inaweza kumisi kwa sababu ya kijipande cha kutu kilichoziba bomba la dizeli, na inaweza kumisi kwa sababu pistoni imetoboka. La kwanza linamalizwa kwa spana moja na kitambaa. La pili linakula pesa ya safari nyingi za mchanga. Ufundi wote uko katika kujua ni lipi kati ya hayo mawili kabla nati ya hedi haijaguswa.

Malori yanayozungumzwa hapa si Howo wala FAW zinazopishana njia ya bandarini. Ni yale ya zamani: Bedford, Leyland, Fiat 682, Scania 81 na 111, Isuzu TX. Yamebaki machache, lakini Tandika, Buza na Mbagala kwa upande wa Temeke, au Tegeta na Bunju kwa upande wa Kinondoni, bado mtu anaweza kukutana na moja likisomba kokoto au tofali, rangi imepauka, boneti imefungwa kwa waya. Hayana kompyuta. Hayana taa ya kuonya dashibodini, na hakuna mashine ya kuchomeka ili isome kosa. Kila taarifa inapatikana kwa sikio, pua, jicho na kiganja.

Ujuzi huo una historia ndefu nchini. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Rhodesia, Zambia iliyoitegemea kwa usafiri ikabaki bila njia ya kuaminika ya kuingiza mafuta na kutoa shaba. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia–Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaanza kupanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na Zambia kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 lilipunguza mzigo wa mafuta, lami ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya hapo lori lililokwama Mikumi au Iringa lilitengenezwa hapo hapo, kwa vilivyokuwepo.

Halafu ikaja njaa ya spea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta duniani ilipanda, nchi ikaingia vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka. Nozeli mpya ilikuwa ndoto. Hadi bajeti ya 1984 ya Waziri Cleopa Msuya iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, gereji nyingi ziliishi kwa kuchonga, kuchomelea na kuhamisha spea kutoka lori lililokufa kwenda lililo hai. Mwanahistoria Joshua Grace wa Marekani, ambaye mwaka 2021 alitoa kitabu juu ya magari na mafundi wa Tanzania, anawatazama mafundi hao kama watu waliounda teknolojia upya. Hapa anasema kweli. Aliyewahi kuona silivu ya injini moja ikichongwa ikae kwenye bloku ya injini nyingine hahitaji kushawishiwa zaidi.

Lakini historia hiyo imeacha pia tabia moja mbaya. Kwa sababu mafundi wetu wanaweza kufungua chochote, wanafungua haraka mno. Na mwenye lori naye ana lake: akimkuta fundi amekaa kimya na mpini wa bisibisi sikioni, anaona anamlipa mtu wa kustarehe, akimkuta amepakaa oili hadi kwenye viwiko, anatoa pesa bila kinyongo. Kwa hiyo kazi ya kufikiri hailipwi, ya kufungua inalipwa. Kufungua hedi kabla ya kutazama filta ni sawa na kumpasua mgonjwa ambaye hajapimwa hata malaria.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: maswali. Lilianza kumisi ghafla au polepole? Likiwa la baridi au likishachemka? Likiwa tupu au likibeba? Jana lilijazwa mafuta wapi? Swali hili la mwisho madereva hulijibu wakitazama pembeni, maana dizeli ya kwenye vidumu pembezoni mwa barabara ni ya bei nafuu na kila mtu anajua kwa nini. Uchakachuaji ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe na faida tena kuchanganywa na dizeli. Mafuta ya taa yanawaka vizuri tu ndani ya injini. Ubaya wake ni kwamba hayalainishi kama dizeli, na pampu ya mzunguko, ile ya mviringo iliyofungwa kwenye injini nyingi za Kiingereza za miaka ya 1960 na 1970, haina oili yake. Dizeli inayopita ndani yake ndiyo oili. Ikinyweshwa mafuta ya taa kwa muda, vyuma vyake vinasagana.

Baada ya maswali, moshi. Mweusi unasema dizeli ni nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imejaa vumbi, au nozeli inatiririsha badala ya kunyunyiza. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe unahitaji pua. Ukiuma macho na kunuka dizeli mbichi, kuna silinda inayopokea mafuta lakini haiyawashi. Usiponuka na ukayeyuka upesi hewani, huo ni mvuke, na maji ya rejeta yameshapata njia ya kuingia yasipotakiwa.

Sasa dizeli yenyewe. Malori mengi ya umri huu yana kikombe cha kioo au bakuli la chuma la kuchujia kabla ya filta. Likifunguliwa na kumiminwa kwenye kopo jeupe, maji hukaa chini na dizeli juu, na mpaka wake unaonekana wazi. Joto na unyevu wa pwani hufanya tenki lililoachwa nusu usiku kucha litoe jasho kwa ndani, na tenki la miaka 40 lina kutu ya kutosha kuchanganyika na maji hayo. Uchafu huo ukifika kwenye nozeli, sindano yake inakwama, na silinda moja inaanza kumisi huku nyingine tano zikidunda salama.

Hewa ni mjanja kuliko maji. Kutoka kwenye tenki hadi pampu ndogo ya kuvutia dizeli, bomba halisukumwi, linanyonywa. Likiwa na ufa, halitavuja mafuta injini ikiwaka, litavuta hewa. Fundi anapapasa bomba zima, analikuta kavu, anaapa kwamba halina tatizo. Injini inapanda na kushuka yenyewe, inazima kwenye foleni, inawaka tena baada ya kupampu kwa mkono. Dalili hizo zikikutana, dawa ni kidumu cha lita tano. Kinajazwa dizeli safi, kinaning'inizwa juu kuliko injini, na mpira wake unaunganishwa moja kwa moja kwenye mlango wa filta, ili tenki, bomba refu na pampu ndogo vyote viwekwe kando. Hewa inatolewa, lori linawashwa na kuachwa lingurume. Likitulia, injini haina kosa, na saa nyingi za kazi zimeokolewa; ugonjwa uko nyuma, kati ya tenki na pampu. Likiendelea kumisi vile vile, sasa kuna sababu ya kusogea mbele. Ajabu ni kwamba gereji zenye vidumu kumi vya kunawia mikono hazina hata kimoja cha kupimia.

Kupanda na kushuka kwa injini kuna chanzo kingine kinachosahaulika. Baadhi ya dizeli za zamani zina gavana ya upepo: bomba jembamba kutoka kwenye njia ya kuingizia hewa linavuta kipande cha ngozi au mpira nyuma ya pampu. Ngozi ikikauka na kupasuka, injini inapoteza breki ya kasi yake.

Kama kidumu hakikusaidia, silinda huhojiwa moja moja. Injini ikiwa sailensa, fundi anashika spana ya 17, au spana ya inchi kama ni Bedford au Leyland, na kulegeza nusu mzunguko nati ya bomba inapoingia kwenye nozeli ya kwanza. Dizeli inatoka kwa vichirizi pale kwenye nati badala ya kuingia ndani, na silinda hiyo inakufa kwa makusudi. Mlio ukibadilika, injini ikatetemeka zaidi na kutaka kuzima, silinda ilikuwa inafanya kazi; nati inakazwa, anakwenda ya pili. Anaendelea hivyo hadi afike kwenye ile ambayo ikikatwa hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo iliyokufa. Kazi nzima haimalizi dakika kumi, na haihitaji kifaa chochote ambacho gereji ya uchochoroni Yombo haina.

Hatari yake iko mahali ambapo vijana hawaioni. Nati ikilegezwa kwa namna hii, dizeli hutoka bila nguvu na kitambaa kinatosha kuizuia. Lakini nozeli iliyochomolewa na kuning'inizwa nje ili ionekane ikinyunyiza ni jambo jingine kabisa. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa mgandamizo unaozidi ule wa tairi la gari dogo mara 80 hivi, na ukungu huo hupenya ngozi ya kidole bila kuacha zaidi ya alama ndogo. Anayepigwa nao hasikii maumivu makali mwanzoni. Vidole vinavimba baadaye, na asipofanyiwa upasuaji mapema anaweza kuvipoteza. Hata ikionekana kama mchubuko tu, hapo ni hospitali.

Silinda iliyokufa ikishajulikana, mfano ya nne, nozeli yake inahamishiwa ya tano, na ya tano inaletwa ya nne, kila moja na washa mpya ya kopa. Ugonjwa ukihamia kwenye ya tano, nozeli ndiyo yenye kosa na inapelekwa kwa fundi pampu, ambaye ana mashine ya mkono yenye geji ya kuonyesha inafunguka kwa mgandamizo gani na kama inatoa ukungu au matone. Ugonjwa ukibaki kwenye ya nne, nozeli imeachiwa huru.

Hapo aina ya pampu inaanza kuwa na maana. Pampu ya msitari, ambayo Bosch walianza kuitoa kiwandani mwaka 1927, ina kipistoni chake kwa kila silinda. Kimoja kinaweza kuchoka peke yake. Pampu ya mzunguko ina jozi moja tu ya vipistoni inayolisha silinda zote kwa zamu. Ikichoka, zote sita zinadhoofika pamoja. Kwa hiyo lori lenye pampu ya mzunguko likifa silinda moja, kuishuku pampu mwanzoni kabisa ni kupoteza pesa, na bado ndiyo inayochomolewa mara nyingi.

Inabaki pumzi, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kamba ya kuzimia inavutwa ili dizeli isiingie, kisha stata inapigwa. Injini yenye pumzi sawa inazunguka kwa mdundo mmoja; yenye silinda dhaifu inakimbia kidogo kila inapofika hapo. Mfuniko wa oili ukifunguliwa injini ikiwaka, moshi unaotoka kwa kupwita unaonyesha ringi zimekwisha. Silinda mbili zinazopakana zikifa kwa wakati mmoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao, na hapo kweli hedi inashuka. Oili ikiwa nyeupe yenye povu, hakuna haja ya kipimo kingine.

Baridi na moto navyo vinasema. Injini inayomisi asubuhi na kutulia ikipata joto kwa kawaida imepungukiwa pumzi au nozeli inatiririsha. Ile inayodunda vizuri asubuhi kisha ikaanza kumisi ikichemka mara nyingi ina tapeti zilizokazwa mno: valvu ya ekzosi inarefuka kwa joto, inakosa nafasi ya kukaa kitako, pumzi inatoroka. Injini nyingi za silinda sita za msitari huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na mafundi wazee wana hesabu yao ya kuset tapeti bila kitabu: jumla lazima iwe saba. Valvu za silinda ya sita zikipishana, zile za kwanza ziko huru kupimwa. Za tano zikipishana, zinapimwa za pili. Za nne, zinapimwa za tatu, na kinyume chake.

Malori ya petroli, kama Bedford za mwanzo, yana mambo yake. Kukata silinda ni kuvua waya wa plagi kwa koleo yenye mpira. Pointi zilizoungua na kondensa iliyochoka huleta kumisi kusikokuwa na mpangilio, na mchana wa Dar es Salaam petroli inaweza kuchemka ndani ya bomba lililopita karibu na ekzosi, ndiyo sababu ya vitambaa vilivyolowa maji vinavyoonekana vimezungushiwa kwenye pampu. Kuna na jingine lisilosemwa sana. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Ni jambo jema kwa ubongo wa watoto, lakini risasi hiyo ilikuwa pia inalinda viti vya valvu vya chuma laini. Lori la miaka ya 1960 linalobeba mzigo mzito bila viti vigumu linazika valvu zake kidogo kidogo, tapeti zinabana, na linaanza kumisi likiwa moto. Kuset tapeti kila mara kunasogeza siku tu. Kinachotakiwa ni hedi kupelekwa karakana ya kuchonga ikawekewe viti vipya.

Halafu kuna lori lisilomisi kabisa. Linatetemeka sailensa, likikanyagwa linatulia, moshi safi, kila silinda ikikatwa inajibu. Hapo asishikwe mtu wa nozeli. Raba za kufungia injini kwenye chesesi zimekufa, zimelowa oili na kupasuka, na pengine hakuna aliyezibadilisha tangu lori liingie nchini. Mtu mmoja anatazama kutoka pembeni wakati dereva anapandisha resi ghafla. Injini ikiinuka upande mmoja na kurudi kwa kishindo, raba ndizo.

Gereji ikishamaliza, lori lisirudishwe kwa mwenyewe kwa sababu tu sailensa yake imetulia. Injini dhaifu huficha kosa lake lori likiwa tupu. Lipakiwe, lipande kilima cha Wazo kutoka Tegeta kwa gia inayolichosha, dereva akitazama moshi kwenye kioo na fundi akiwa amekaa pembeni yake. Na kama kosa lilikuwa uchafu wa tenki, filta mpya ifunguliwe tena kabla ya wiki kwisha, kwa kuwa kutu iliyobaki chini ya tenki itakuwa imeshaanza kushuka.